Upepo Haukushindwa: Mhadhara juu ya Merikebu za Minara na Uhifadhi wa Maarifa ya Bahari



Nasimama mbele ya hadhara hii hapa Mombasa, mji ambao tangu kale umeishi kwa pepo mbili, kusi na kaskazi, na ambao watu wake hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote kwamba upepo ni mali. Nawaona katika safu za mbele wazee ambao elimu yao ya bahari imetoka baharini kwenyewe. Nitakapogusa jambo wanalolijua kunizidi, nawaomba wanistahimilie hadi mwisho, kisha wanikamilishe.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza habari za namna moja ya merikebu, iliyoonekana kwa mara ya kwanza katika bahari ya Ujerumani mwaka 1924, merikebu ambayo ilikwenda kwa nguvu ya upepo na hali haikuwa na tanga hata moja. Na baada ya kuieleza, kutoa katika habari zake funzo ambalo naliona linatuhusu sisi watu wa pwani hii kuliko tunavyodhani. Muradi wangu, kwa ufupi, ni huu: ufundi wa upepo uliowekwa kando katika karne iliyopita haukuwekwa kando kwa kuwa ulikuwa batili, bali kwa kuwa makaa na mafuta yalikuwa rahisi, na maadamu bei hupanda na kushuka, basi umma wenye busara haufuati soko katika kuamua elimu ipi ihifadhiwe na ipi iachwe ife. Hoja zangu ni tano, nami nitazitaja moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza: tanga lilishindwa kwa hesabu ya watu na ya siku, wala si kwa upungufu wa nguvu

Aghalabu husemwa kuwa stima ilipokuja, tanga likaonekana kuwa dhaifu na likaondoka. Maneno haya hayasimami mbele ya historia. Mwaka 1902, wakati stima zilikuwa zimekwisha kutawala bahari zote kuu, iliundwa huko Geestemünde nchini Ujerumani merikebu iliyoitwa Preussen, kwa ajili ya kampuni ya F. Laeisz ya Hamburg, yenye milingoti mitano, na matanga yake yote yakitandazwa yalifikia takriban mita za mraba 6,800. Merikebu hiyo ilileta chumvi ya mbolea kutoka Chile kwa njia ya Rasi ya Horn, mahali ambapo bahari haina huruma, na upepo ulipokuwa mwema iliziacha nyuma stima nyingi za mizigo za wakati wake. Tena ilipopatikana na msiba katika mlangobahari wa Uingereza, mwezi wa Novemba mwaka 1910, haikuwa kwa udhaifu wake: stima moja ilikata njia mbele ya gubeti lake, kwa kuwa walioiongoza hawakukadiria kwamba chombo cha matanga kingeweza kuja kwa kasi namna ile.

Nguvu basi ilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa ni wepesi wa kuitawala nguvu hiyo. Preussen ilihitaji mabaharia zaidi ya 40, watu wa kupanda milingotini usiku na mchana, katika baridi na dhoruba, kufunga na kufungua turubali zito lililoloa maji. Wamarekani walijaribu kuupunguza mzigo huo: mwaka huohuo wa 1902 waliteremsha majini Thomas W. Lawson, merikebu ya chuma yenye milingoti saba, ambayo matanga yake yalipandishwa kwa mashine za mvuke, hata watu chini ya 20 wakatosha kuiendesha. Lakini ilikuwa nzito ya kugeuka na ilizama kina kikubwa, bandari nyingi zikawa haziipokei; na mwezi wa Desemba mwaka 1907 dhoruba iliivunja kwenye visiwa vya Scilly, wakaokoka watu wawili tu.

Fauka ya hayo, tangu ulipofunguliwa mfereji wa Suez mwaka 1869, stima ilipata njia ya mkato ambayo merikebu kubwa za matanga hazikuweza kuifaidi, na mfanyabiashara akazoea kuambiwa siku ambayo shehena yake itafika. Basi swali lililobaki kwa mafundi wa upepo lilikuwa moja: je, inawezekana kuichukua nguvu ya upepo bila jeshi la mabaharia na bila wingi wa kamba na turubali?

Hoja ya pili: jibu lilipatikana katika elimu ya mwendo wa hewa

Aliyelijibu swali hilo kwa vitendo ni Anton Flettner, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1885 karibu na Frankfurt, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu wa hesabu na fizikia. Mwanzo alikusudia kuweka tanga la chuma badala ya tanga la kitambaa, tanga ambalo mtu mmoja angeweza kuligeuza. Lakini alipokuwa katika kazi hiyo zilimfikia habari za majaribio yaliyokuwa yakifanywa katika mji wa Göttingen, katika taasisi ya Ludwig Prandtl, mwanachuoni mkuu wa elimu ya mwendo wa hewa, ambako walikuwa wakipima nguvu inayotokea silinda inapozungushwa ndani ya mkondo wa hewa. Nguvu hiyo ilizidi kwa mbali ile ya tanga lenye eneo lilelile. Flettner akayaacha matanga yake ya chuma, akashika njia hii mpya.

Naomba mnipe nafasi nieleze inavyotenda, maana bila kuelewa jambo hili, yote yanayofuata yataonekana kuwa ni mazingaombwe. Kila kijana aliyewahi kupiga mpira kwa kuusokota amewahi kuuona ukipinda hewani na kuuacha mstari wake. Newton aliliandika jambo hili mwaka 1672 alipoangalia mpira wa tenisi, na mwaka 1852 Heinrich Gustav Magnus wa Berlin alilichunguza kwa majaribio alipotaka kujua kwa nini makombora ya mizinga huacha njia yake. Sababu ni hii: kitu cha mviringo kinapozunguka ndani ya upepo, ngozi yake huikokota hewa iliyo karibu nayo. Upande mmoja, ngozi hiyo huenda pamoja na upepo, na hewa hupita kwa kasi zaidi. Upande wa pili huenda kinyume, na hewa hupungua mwendo. Penye mwendo wa kasi, kani ya hewa huwa ndogo. Penye mwendo wa polepole, huwa kubwa. Na kitu hicho husukumwa kutoka penye kani kubwa kuelekea penye kani ndogo, yaani kukingamana na upepo wenyewe.

Sasa msimamishe kitu hicho juu ya sitaha, kiwe mnara mrefu wa bati la chuma, mkizungushe kwa mota, na upepo uje kutoka ubavuni mwa chombo. Msukumo hautakwenda ubavuni. Utakwenda mbele, kuelekea omo. Mkitaka chombo kirudi nyuma, mnaugeuza mzunguko tu. Na ikiwa minara ni miwili, mmoja ukazungushwa huku na wa pili ukazungushwa kinyume chake, chombo hugeuka palepale kilipo. Hapana kamba ya kuvutwa, hapana foromali ya kugeuzwa, hapana mtu wa kupanda mlingotini. Mtu mmoja katika chumba cha usukani, mkono wake juu ya swichi, anaitawala merikebu nzima. Albert Einstein mwenyewe aliona jambo hili linastahili kuelezwa kwa watu wa kawaida, akaandika makala fupi juu ya merikebu ya Flettner.

Hoja ya tatu: ajabu ya sura si sifa wala si aibu, ushahidi ni kipimo

Hapa nataka tusimame kidogo, kwani wako watu ambao kila chombo chenye umbo geni hukicheka, na wako wengine ambao kila chombo chenye umbo geni hukishangilia, na makundi yote mawili hukosa haki. Mwaka 1873 serikali ya Urusi iliteremsha katika Bahari Nyeusi manowari iliyoitwa Novgorod, iliyobuniwa na Amiri Andrei Popov, ambayo umbo lake lilikuwa duara kamili, kipenyo chake karibu mita 31. Ilikusudiwa kubeba mizinga mizito katika maji machache, na hilo iliweza. Lakini ilikuwa nzito ya mwendo na ngumu kuongoza, na hatimaye umbo hilo likaachwa. Bahari iliipima, ikaonekana haifai kwa safari.

Merikebu ya Flettner nayo ilipimwa. Katika karakana ya Germaniawerft mjini Kiel ilichukuliwa skuna ya milingoti mitatu iliyoitwa Buckau, wakaing'oa milingoti yake na matanga yake, wakasimamisha minara miwili yenye urefu wa takriban mita 15 na kipenyo cha karibu mita 3, kila mnara ukizungushwa na mota ya umeme ya nguvu za farasi 15 hivi. Vifaa vya zamani vilikuwa na uzito wa tani 35. Minara hiyo miwili ilikuwa na tani 7. Mwezi wa Februari mwaka 1925 ilipakia mbao Danzig ikavuka Bahari ya Kaskazini hadi Uskoti, katika majira ambayo bahari hiyo huwa na ghadhabu, na ikafika salama. Tena ilidhihirika kwamba ilikwenda joshi kuliko ilivyokuwa ikienda kwa matanga: pale skuna ilipohitaji pembe ya digrii 45 na upepo, chombo cha minara kilikaribia hadi baina ya digrii 20 na 30. Wale miongoni mwenu waliowahi kubisha kutwa nzima ili kupata maili chache mbele wanajua thamani ya tofauti hiyo.

Mwaka uliofuata merikebu hiyo, kwa jina jipya la Baden-Baden, ilitoka Hamburg tarehe 31 Machi 1926, ikashuka kusini kutafuta pepo za biashara, ikavuka Atlantiki, ikaingia New York tarehe 9 Mei, baada ya mwendo wa maili za bahari zipatazo 6,200. Hesabu zilizotangazwa wakati ule zilisema kwamba safari hiyo ilitumia tani 12 za mafuta, ambapo meli ya mota ya kadiri yake ingetumia tani 45. Mwaka huohuo Bremen iliunda meli nyingine, Barbara, yenye minara mitatu ya mita 17, nayo ikafanya biashara ya kweli katika bahari ya Mediterania. Hayo hayakuwa maonyesho ya tamasha. Ilikuwa ni kazi ya shehena na nauli.

Hoja ya nne: bei iliiondoa, na bei imeirudisha

Kwa nini basi hatukuziona meli hizi Kilindini? Kwa sababu wenye meli, walipoketi na madaftari yao, waliona kwamba mafuta ya wakati ule yalikuwa rahisi mno, injini za dizeli zilikuwa zinazidi kuwa bora, na akiba iletwayo na minara haikutosha kulipa gharama ya kuisimamisha. Na ulipofika mwaka 1929, biashara ya dunia ilipoporomoka na meli zikafungwa bandarini kwa kukosa shehena, hapakuwa tena na mtu wa kutia fedha katika jambo jipya. Baden-Baden iling'olewa minara yake, ikauzwa, na mwaka 1931 ikazama kwa dhoruba katika bahari ya Karibi. Flettner mwenyewe alihamia katika ufundi wa helikopta. Nani alimshinda? Si upepo, wala si bahari, wala si hesabu za Göttingen. Bei ilimshinda, na bei si kadhi. Hukumu yake ya leo huitangua yenyewe kesho.

Na kweli iliitangua. Baada ya mafuta kupanda kwa ghafula mwaka 1973 na tena mwaka 1979, Wajapani waliteremsha mwaka 1980 meli ndogo ya mafuta, Shin Aitoku Maru, yenye matanga magumu yaliyoongozwa na kompyuta. Mwaka 1985 Mfaransa Jacques-Yves Cousteau, pamoja na wataalamu wake, aliteremsha Alcyone, yenye minara miwili isiyozunguka bali inayofyonza hewa kwa feni ili kuuongoza mkondo wake. Mafuta yaliposhuka tena mwaka 1986, hamu ikapoa. Kisha mwaka 2008, katika Kiel ileile, iliteremshwa E-Ship 1, meli ya mita 130 ya kubebea mitambo ya upepo, yenye minara minne ya Flettner, kila mmoja mita 27. Ikaanza safari zake mwaka 2010. Mwaka 2018 meli ya mafuta Maersk Pelican ilisimamishiwa minara miwili ya mita 30 iliyotengenezwa na kampuni ya Kifini, na baada ya mwaka mzima wa kupimwa ikaonekana imeokoa asilimia 8.2 ya mafuta. Mwaka 2023 Pyxis Ocean ilitoka Asia kwenda Brazil ikiwa na mabawa mawili ya mita 37.5, ambayo hulazwa na kuinuliwa kwa mashine, na katika miezi sita ya mwanzo iliokoa kwa wastani tani 3 za mafuta kwa siku.

Insafu yanidai nitaje na mipaka yake. Mnara wa Flettner hupenda upepo wa ubavuni. Ukija wa mbele kabisa, mnara huwa mzigo, na ukija wa nyuma moja kwa moja, faida yake huwa ndogo. Huchukua nafasi juu ya sitaha, na huweza kuzuia winchi za bandari, ndiyo maana siku hizi baadhi ya meli zimewekewa minara inayolazwa. Kwa hiyo hautaiondoa injini, utaisaidia. Lakini zingatieni asilimia nane ni nini kwa meli moja kubwa inayochoma makumi ya tani kila siku, katika dunia ambayo Shirika la Kimataifa la Bahari lilikubaliana mwaka 2023 kwamba gesi joto zitokazo melini zifikishwe kwenye sifuri halisi kufikia mwaka 2050 au karibu nao. Tena nawaambia manahodha walio hapa: meli hizi huchagua njia kwa kuufuata upepo ulipo, hata kama njia ni ndefu kidogo. Elimu hiyo, ya kupanga safari kwa majira na kuukubali mzunguko wenye faida, ndiyo waliyosafiri nayo babu zetu baina ya pwani hii na Maskati na Bara Hindi.

Hoja ya tano: hurudi kile kilichoandikwa

Nafika sasa kwenye hoja ambayo ndiyo kiini cha maneno yangu. Fikra ya Flettner ililala kwa zaidi ya miaka 80, na ilipohitajiwa iliamka nzima. Kwa nini? Kwa sababu vipimo vya Göttingen vilichapishwa; kwa sababu hataza zilisajiliwa na michoro yake ikabaki; kwa sababu Flettner mwenyewe aliandika kitabu mwaka 1926 akieleza njia yake yote, pamoja na yale yaliyomshinda. Mhandisi wa karne hii hakulazimika kuanza upya.

Sasa tutazame chombo chetu. Pwani hii ilikuwa na mtepe, chombo cha ajabu kuliko vyote nilivyovitaja: mbao zake hazikupigwa msumari, zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga lake lilikuwa la pembe nne, mkeka uliosukwa kwa miyaa, gubeti lake lilinyanyuka mbele mfano wa shingo ya ngamia. Kilikuwa chombo laini, kinachojikunja kikigusa mwamba pale ambapo chombo cha misumari hupasuka. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vimetajwa katika kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, na mitepe iliendelea kupakia boriti za Lamu hadi karne ya ishirini. Kisha, katika miaka ya 1930, ikatoweka.

Mafundi wake walikuwa na hikima isiyopungua ile ya Kiel. Lakini vipimo vyao vilikuwa katika mikono na macho yao, na walipozikwa, vikazikwa pamoja nao. Alipoandika mtafiti James Hornell habari za mtepe mwaka 1941, na baada yake mtafiti mwenzake Prins, ilikuwa imebaki mifano midogo, picha chache na kumbukumbu za wazee. Mafundi walioshona mtepe mpya Unguja mwaka 2003, kwa ajili ya jumba la Beit al-Ajaib, hawakuwa na mtepe mzima wa kuutazama. Kinyume chake, wenzetu wa Omani waliposhona Jewel of Muscat na kuivusha hadi Singapore mwaka 2010, walikuwa na mabaki ya merikebu ya karne ya tisa, yaliyopatikana karibu na kisiwa cha Belitung mwaka 1998 na kupimwa. Kipimo ndicho kilichozivuka karne.

Hitimisho

Mabibi na mabwana, sikuja kuomba turudi katika maisha ya babu zetu, wala kulaumu injini iliyowapunguzia wavuvi wetu taabu. Nimekuja kutaka mambo matatu, nayo yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza, majahazi, mashua, madau na ngalawa zilizobaki kutoka Lamu hadi Kilwa zipimwe sasa, mafundi wangali hai: urefu, upana, pembe ya mlingoti, aina ya mti, kadiri ya tanga, mwendo wake katika kila upepo, na majina ya mafundi yaandikwe pamoja na kazi zao, kwa Kiswahili, vitabu hivyo viwekwe mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kuvifungua. La pili, vyuo vyetu vya ubaharia vifundishe elimu ya upepo sawasawa na elimu ya injini, na nahodha wa jahazi aalikwe darasani kama mwalimu, apewe heshima na ujira wa mwalimu. La tatu, wakuu wa bandari zetu wajiandae kuzipokea meli za minara na mabawa, kwa kuwa zimekwisha kuanza kazi, na gati isiyokuwa na nafasi kwa ajili yao itapitwa.

Mwalimu mmoja wa hesabu alithubutu, akapima, akaandika, na soko likamkataa. Lakini maandishi yake yaliwangoja watu wa karne nyingine, wakayakuta yako tayari. Katika hadhara hii naona walimu wengi, na naona mafundi, na naona vijana wenye kalamu na simu zinazopiga picha. Inshallah kazi hiyo ya kupima ianze mwaka huu, kabla kusi halijageuka kuwa kaskazi, na atakayesimama hapa baada yetu aweze kuwaonyesha watu vitabu vyetu wenyewe.